Chekechea ya nusu siku Dodoma: tulizozungukia, na ile iliyotupokea

"Mzazi, utalipa kwa awamu ngapi?" Nilikuwa hata sijakaa vizuri kwenye kiti. Mkubwa nimemshika mkono, mdogo yuko mgongoni amelala, na mwenye ofisi keshafungua daftari la risiti.

Tulihamia Dodoma mwezi wa kwanza, mume wangu alipohamishiwa wizarani, kule Mji wa Serikali, Mtumba. Tabata, Dar es Salaam, tulikuwa tunaishi nyumba mbili kutoka kwa mama yangu, kwa hiyo neno chekechea halikuwahi kunisumbua kichwa. Asubuhi bibi anakuja kuchukua wajukuu, mchana anawarudisha wameshiba, mimi nimemaliza kazi. Kazi yangu ni hesabu za maduka matatu ya vifaa vya ujenzi Kariakoo. Wananitumia risiti kwa simu, mimi napanga na kuandaa ritani za VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambazo mwisho wake ni tarehe 20 ya kila mwezi. Ni kazi ya saa nne kwa siku, lakini saa nne za utulivu. Nani ana utulivu na mtoto wa miaka minne na mwingine wa miaka miwili na miezi minane, ndani ya nyumba ambayo hata pazia halijatundikwa?

Basi nikawa natafuta kitu kidogo sana: mahali pa kuwapeleka asubuhi tu, ikiwezekana siku tatu kwa wiki. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nilidhani nitapata wiki ya kwanza.

Kumbe Dodoma ya sasa inaamkia Mtumba. Magari ya wafanyakazi yanaondoka alfajiri, kutoka katikati ya mji hadi wizarani ni kama kilomita 17, na baba na mama wengi wote wako kazini mpaka jioni. Vituo vingi vimejipanga kwa ajili yao: fungua saa kumi na mbili asubuhi, funga saa kumi na mbili jioni, lipa mwezi mzima. Ukisema nusu siku wanakuelewa, ila ada haipungui. "Ukitaka kumtoa saa sita mtoe tu, mama," niliambiwa na mmoja, kwa upole kabisa, "ila bei ni ile ile."

Ya kwanza ilikuwa Ingilishi midiamu yenye ukuta uliochorwa twiga na ndege wa kila rangi. Majina nitayaacha, sikuja kumharibia mtu biashara. Fomu shilingi 20,000, hairudishwi. Halafu usaili. Ndiyo, usaili wa mtoto wa miaka minne. Madamu akamuuliza binti yangu jina lake kwa Kiingereza, binti akaingia nyuma ya sketi yangu akabaki huko. Madamu akaandika kitu kwenye fomu, akaniambia ataanzia bebi klasi "kwa sababu ya lugha". Nikaomba nione darasa. Watoto niliowahesabu mimi mwenyewe ni 37, mwalimu mmoja, wanaimba herufi kwa sauti moja kama kwaya ya Pasaka. Ukutani kuna picha za mahafali, majoho na kofia. Joho nalo lina ada yake. Nikaaga. Elfu 20 yangu iko huko mpaka leo.

Ya pili ilikuwa dei kea kwenye nyumba ya kupanga, hatua chache kutoka kwetu. Huyu dada alinigusa roho, anapenda watoto, mdogo alimkimbilia bila kusukumwa. Lakini sebuleni televisheni ilikuwa inawaka na katuni, na watoto kumi na kitu wamekaa sakafuni wameduwaa. Nilipoomba kuona cheti cha usajili akasema kinashughulikiwa. Mimi si mtu wa makaratasi nje ya kazi yangu, ila hili nililijua: vituo vya kulelea watoto wadogo mchana viko chini ya Ustawi wa Jamii, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na maofisa wao wana haki ya kuja kukagua choo, jiko na idadi ya walezi. Kituo kikisajiliwa, cheti hutundikwa mahali panapoonekana. Kisicho nacho, siku mtoto akiungua na chai utamlilia nani? Niliondoka nikimwonea huruma, maana huenda ni kweli alikuwa anakishughulikia.

Shule ya msingi ya serikali ya mtaani kwetu sikukaa sana. Darasa la awali ni mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, ada hakuna, na watoto wanaachiwa mapema kuliko kaka zao, yaani ndiyo nusu siku yenyewe niliyokuwa naililia. Mwalimu mkuu akatazama cheti cha kuzaliwa, akacheka. "Huyu mlete mwakani, mama. Sasa hivi mwache acheze." Aliongea ukweli, na ndio ushauri pekee niliopewa bure wiki ile.

Aliyenitoa porini ni mama muuza mboga. Nilikuwa nanunua mlenda ambao hata sijui kuupika, namlalamikia kama vile tunajuana miaka. Akaniambia, "Nenda kwa mwalimu mstaafu, kule chini kwenye mwarobaini. Hana bango."

Kweli hana bango, na jina lake ameniomba nisiliandike, kwa kuwa ana watoto 24 na hataki wazidi hapo. Ni upande wa Ilazo. Geti la bati la bluu, ua mpana, mwarobaini mkubwa katikati, chini yake mchanga. Cheti kipo, kimetundikwa juu ya meza kikiwa kwenye fremu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanivutia kigoda. Nikamwambia nataka siku tatu kwa wiki, nikangoja swali la awamu. Akaniuliza: "Siku ambazo hawaji hapa, wanakuwa na nani?"

Nikasema na mimi. Akauliza, "Na wewe unafanya nini wakiwa na wewe?" Nikamweleza habari za risiti. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi hawako na mtu." Nilikasirika, sitaficha. Lakini nilikaa.

Sasa niseme kituo chenyewe kilivyo. Saa mbili asubuhi mpaka saa sita na nusu. Walezi watatu, mpishi mmoja, na mwalimu mwenyewe. Wadogo wako chumba chao, wakubwa chao, ila kwenye mchanga wote ni wamoja. Viatu vinapangwa ukutani, na kila mtoto anatakiwa kuvitambua vyake wakati wa kutoka, hata ikichukua robo saa. Ndoo mbili zenye koki, sabuni ya kipande imetiwa kwenye soksi na kufungwa kwenye mti isipotee (nimeiga nyumbani). Choo kina ngazi ndogo ya mbao. Saa nne wanakunywa uji, na mpishi anauonja mbele yao kwanza. Herufi zipo, lakini wanaandika kwa kijiti kwenye mchanga, na wakubwa tu. Ukiingia wanasimama wote kukusalimu "Mbukwenyi!" kwa Kigogo, halafu wanacheka, kwa sababu wageni kama mimi hatujui kuitikia.

Utaratibu wake wa mtoto mpya ndio ulionishinda nguvu. Siku mbili za kwanza mzazi anakaa chini ya mwarobaini, haongei na mtoto wake labda mtoto amfuate. Siku ya tatu unaaga mbele ya macho yake, hutoroki. Huko Tabata tumezoea kutoroka: mtoto anageukia biskuti, wewe huyo. Mwalimu alinikataza kabisa. "Ukimtoroka leo, kesho atakulinda mlango."

Tukaanza na siku tatu kama nilivyotaka, 50,000 kwa mwezi kwa kila mtoto. Niliyemwogopea ni mdogo, na ndiye aliyezoea kwa siku nne. Alikuta mchanga, basi. Mkubwa, msema sana wangu, anayejua kuhesabu mpaka 20, ndiye aliyelia. Jumatatu analia, Jumatano analia kidogo, Ijumaa anaingia anacheka. Jumatatu tena tunaanza upya, mikono shingoni kwangu kama kamba. Baada ya wiki tatu mwalimu akaniita pembeni. "Siku hizi tatu zinamtesa. Kila akizoea unamkata. Mlete siku tano, hata ukimtoa saa tano."

Siku tano ni 70,000. Nikawaza, ahaa, tumefika kwenye biashara. Nikamwambia mume wangu usiku, naye akasema kila mwenye duka anakushauri ununue zaidi. Tulijaribu mwezi mmoja kwa shingo upande. Wiki ya pili kilio kilikwisha, na siku moja nilipofika kumchukua aliniambia nikasubiri kwenye mti. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetafuta siku tatu kama mimi: kwa mtoto anayekumbuka sana, saa chache kila siku ni bora kuliko siku ndefu za kurukaruka. Wa kwangu alikuwa bado anamkumbuka bibi yake, na mimi nilichukulia ule mdomo wake kuwa ndio ujasiri.

Kasoro zipo. Uji una sukari nyingi mno. Nimesema mara mbili, umepunguzwa kwa wiki moja, ukarudi. Pampasi hawapokei, na kwa hilo tulishikana mashati kidogo, kwa sababu hakuna aliyeniambia siku ya fomu. Mlezi alimfundisha mdogo poti kwa wiki tatu, namshukuru, lakini wiki zile nilifua suruali nane kwa siku, na maji ya bomba la kwetu yana chumvi, sabuni haitoi povu. Mwalimu hatumii WhatsApp. Taarifa inakuja kwenye kikaratasi ndani ya mfuko wa begi, na usipokagua begi utampeleka mtoto siku ya mapumziko, kama nilivyofanya mimi. Ukichelewa kumchukua ni 2,000 kwa kila nusu saa, na hana undugu kwenye hilo, nimelipa mara mbili. Kiingereza hakuna, ukiondoa nyimbo mbili ambazo nadhani hata walezi hawajui maana yake. Mume wangu bado linamkera, anahesabu watoto wa wenzake ofisini wanaojua rangi zote kwa Kiingereza. Mimi nasema atajifunza. Hatujaafikiana.

Barabara nayo. Masika yetu ya kwanza nilidhani Dodoma ni kukavu, nikaja na imani hiyo. Siku moja mwezi wa tatu mvua ikapiga asubuhi, korongo lililo kati yetu na kituo likajaa maji mekundu, bodaboda wakasimama upande huu, bajaji zikageuza. Nilikaa pale nikitazama maji na simu haipokelewi. Nilivuka saa tisa. Nikawakuta wamelala kwenye mkeka, mmoja kichwa huku, mwingine kule, wameshakula ugali na mlenda. Nikatoa pesa ya kuchelewa, mwalimu akairudisha mkononi mwangu. "Korongo si wewe," akasema. Tangu hapo nyumbani wanadai mlenda, na imenibidi nijifunze kuupika.

Mwezi wa nne mama yangu alikuja kwa treni ya umeme, chini ya saa nne kutoka Dar, alishuka anaisifia kama yeye ndiye aliyeitandika reli. Nikampeleka kituoni, maana moyoni nilitaka baraka zake. Mama ni mtu wa Tanga, hasifii ovyo. Alipita moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akanusa. Akaangalia choo. Akaja akamshika mkubwa mkono, akaugeuza, akatazama kucha. "Nyeusi ti," akasema. "Basi anacheza. Ningezikuta nyeupe ningekwambia umtoe." Halafu yeye na mwalimu wakakaa chini ya mti wakaongea mpaka saa sita, na mimi sikuambiwa walichoongea.

Kama nyote wawili mko Mtumba mpaka jioni, hapa si penu, msijisumbue. Gari la kurudisha watoto hakuna na saa sita na nusu geti linafungwa. Kama mmoja wenu anafanyia kazi nyumbani, au ana duka, au ana shifti za mchana hospitalini, mtapapenda. Nendeni na kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa, na sweta, maana mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi na upepo wake havina mchezo, na ule ua hauna kizuizi upande wa mashariki. Kiingilio ni 15,000, kinajumuisha kikombe chenye jina la mtoto.

Mwezi wa saba zitakuwepo nafasi mbili, kuna familia inahamishiwa Mwanza. Nenda kabla ya saa nne. Uji ukishaanza kugawiwa, mwalimu haongei na mtu.