Uzi wa G ulinihama Jumapili tatu: uzoefu wangu na briji ya Gotoh 201

Wapiga besi wa kwaya mtanielewa. Pambio limekolea, watu wote wamesimama, unashusha kidole kwenye uzi wa G (ule mwembamba kuliko wote) na kuukuta uko pembeni kabisa mwa shingo, karibu unaanguka nje ya freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Kinachotoka hapo ni "tak" tu, noti hakuna. Mpiga kinanda anakugeukia. Mimi lilinipata Jumapili tatu mfululizo.

Gitaa langu ni kopi ya Jazz Bass, lile umbo ambalo kampuni ya Fender ililianza mwaka 1960. Briji yake, yaani sehemu inayoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa, ni ya mtindo wa zamani: bati lililokunjwa, na juu yake vichuma vinne vya mviringo vinavyobeba nyuzi. Kila kichuma kina mifuo mwanzo mwisho, mithili ya skrubu. Ukitaka kusogeza uzi kulia au kushoto, unauhamishia mfuo mwingine, basi. Shida ni kwamba uzi nao unaweza kujihamisha bila kukuomba ruhusa, hasa kwa sisi wenye mkono mzito.

Nilianza kwa kulaumu nyuzi, nikanunua seti mpya. Hakuna kilichobadilika. Fundi mmoja akaniambia shingo imepinda, akakaza chuma cha ndani, akala hela yangu. Jumapili iliyofuata, tak.

Nikakaa nalo nyumbani usiku, nikamulika briji kwa tochi ya simu. Kile kichuma cha G kilikuwa kimelala upande! Kila kimoja husimama juu ya viskrubu viwili vidogo kama miguu, na besi inatetemeka sana, kwa hiyo mguu mmoja ulikuwa umejifungua na kushuka polepole. Uzi ukawa unafuata mteremko. Nikalegeza uzi, nikainua ule mguu kwa ufunguo mdogo wa pembe sita hadi kichuma kikawa sawa na bati, kisha nikadondoshea rangi ya kucha ya mke wangu kwenye viskrubu ili visizunguke. (Nyekundu. Bado ananidai chupa.) Jaribu hili kabla hujatoa hata shilingi. Kwangu lilitosha karibu miezi miwili, kisha uzi ukaanza tena kuruka nikipiga kwa nguvu, safari hii kichuma kikiwa kimesimama wima. Mifuo yenyewe ilikuwa imelika.

Hapo ndipo nilipomwagiza binamu yangu aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza aniletee Gotoh 201 ya nyuzi nne. Ni briji ya Kijapani, nzito kweli ukiishika, na kila kichuma kina mfuo mmoja tu, wa kina, katikati. Uzi ukishakaa humo hauna pa kwenda. Bei yake ni kama seti mbili za nyuzi nzuri, na kwa besi mnajua hiyo si hela ndogo.

Kuifunga nilitumia bisibisi peke yake. Matundu yake matano yaliangukia palepale penye matundu ya zamani, sikutoboa mbao. Kosa nililofanya ni kuusahau waya wa ethi unaotokea chini ya briji. Niliukunja ukabaki pembeni bila kugusa chuma, nikawasha spika, ikawa inanguruma kama friji mbovu. Nikafungua tena, nikaulaza chini ya bati, ngurumo ikaisha.

Msizembee marekebisho baada ya hapo. Bati la Gotoh ni nene kuliko lile la zamani, kwa hiyo nyuzi zangu zilipanda juu na ikabidi nishushe vichuma vyote. Nilipima kwenye freti ya 17, nikaacha milimita 2 upande wa G na kama 2.4 upande wa E. Kisha, ili noti ziwe sahihi, freti ya 12: unalinganisha ile noti ya kugusa uzi tu na noti ya kuubana. Ya kubana ikiwa juu, rudisha kichuma nyuma.

Sasa ni mwezi wa saba tangu niifunge. Uzi wa G haujahama hata mara moja, hata kwenye zile sebene ambazo mpiga ngoma wetu hataki ziishe. Wanaosema sauti inabadilika kabisa, mimi sisikii hivyo. Labda noti inakaa kidogo zaidi. Hasara nazo zipo: gitaa limeongezeka uzito, na kwa kuwa mfuo ni mmoja, huwezi tena kujichagulia nafasi kati ya uzi na uzi.

Lakini kama uzi wako unachomoka kule juu, karibu na kichwa cha gitaa, usinunue briji, haitakusaidia. Magitaa mengi ya umbo hili yana kibanio kinachokandamiza D na G tu, na uzi wa A unabaki umelegea kwenye mfuo wake. Usiukate mfupi. Uzungushe raundi tatu hivi kwenye kigingi, kila raundi ikishuka chini ya iliyotangulia, ili uzi uvutwe kuelekea kwenye mbao.

Rangi ya kucha nimeipaka kwenye Gotoh pia, tangu siku ya kwanza, maana viskrubu vyake navyo vinatetemeka vilevile.