VJ alimuua adui ambaye hakufa: mwisho wa Avatar nilivyouona kibandani Busia

Nianze na pesa yangu. Nililipa shilingi elfu moja mlangoni, mia tano yangu na mia tano ya mtoto wa dada yangu, na mpaka sasa sijui nililipia nini: kuangalia mwisho wa Avatar: The Last Airbender, katuni ya Marekani ya televisheni, au kuzomewa mbele ya madereva wa malori.

Kibanda chenyewe cha video sitakitaja. Kiko Busia mpakani, upande wetu wa Uganda, nyuma ya malori yanayosubiri kuvuka. Nje waliandika kwa chaki KUNG FU MPYA. Mpya! Sehemu zile nne za mwisho zilionyeshwa Marekani Julai 2008, mtoto niliyekwenda naye hajafikiriwa hata kuzaliwa. Hiyo kung fu sibishi, maana wachoraji walichukua miondoko ya kweli ya Wachina: humo watu wanaoamuru maji wanacheza tai chi, wa moto wanapiga Shaolin ya kaskazini. Ndiyo maana wanaume wazima walikaa kutazama katuni bila aibu.

VJ wa pale, yaani mtu anayesimulia filamu kwa kipaza sauti inapoonyeshwa, anatafsiri kwa Kiswahili kwa sababu ya Wakenya na Wakongo wanaojaa humo, akikwama anakimbilia Luganda. Mimi si mtu wa kudharau VJ. Nimekulia kwenye filamu za kutafsiriwa, na bila wao tungekuwa tunaangalia midomo ikicheza tu. VJ mzuri anatia chumvi, na chumvi ndiyo tunayolipia. Huyu alimwaga gunia.

Chukua pale Zuko, mtoto wa mfalme adui Ozai, anapoingia hemani kwa Iroh. VJ anamwita Iroh "mjomba". Mjomba wa wapi? Iroh ni kaka mkubwa wa Ozai, kwa hiyo kwa Zuko ni baba mkubwa, na uzito wote uko hapo. Baba mzazi alimchoma uso mtoto na kumfukuza. Baba mkubwa ndiye aliyemlea, na huyohuyo ndiye Zuko aliyemsaliti. Sasa amepiga magoti usiku kucha akingoja mzee aamke, anaanza kuomba radhi huku analia, na kabla hajamaliza Iroh anamvuta kifuani. Hakuwahi hata kumkasirikia, alihofia tu kwamba kijana amepotea njia. Mimi tayari nimeshika ncha ya mtandio. VJ akasema, "Baba, naomba ada ya shule!" Kibanda kizima kikacheka.

Pambano la Zuko na dada yake Azula nalo akaliharibu. Waliotengeneza walipunguza makelele ya moto, moto wa buluu na wa machungwa unagongana huku nyuma kuna muziki wa huzuni, kama msiba. Yeye ukimya ule ulimwasha: "Piga! Piga huyo dada!" Azula alipofungwa minyororo akabaki analia na kutapika moto, VJ akasema ana mapepo. Hilo nilimsamehe.

Ninalokataa ni la Ozai. Aang, shujaa wa katuni, ana miaka kumi na miwili, ni mtawa, ndiye Avatar, yaani mtu pekee anayeweza kuamuru maji, ardhi, moto na hewa, na kabla ya vita anauliza swali moja tu: nitamshindaje huyu Mfalme wa Moto bila kumuua? Anawauliza Avatar waliomtangulia. Roku, Kyoshi, Kuruk, hata Yangchen, mtawa mwenzake wa watu wa Hewa, hakuna anayempa jibu analotaka. Anagoma. Mwishowe anamshika Ozai na kumnyang'anya nguvu ya moto, anamwacha anapumua. Mwisho wote umejengwa juu ya pumzi hiyo.

VJ: "Kwisha habari yake! Adui amekufa!"

Watu walirusha kofia. Ozai alifungua mdomo pale chini akasema maneno, VJ akaeleza kwamba anakata roho. Mtoto akasimama juu ya benchi: "Mama mkubwa, hajafa!" Na mimi, mjinga mimi, nikapaza sauti nikasema VJ, hajafa, amenyang'anywa moto tu. Akasimamisha filamu. Naapa, aliisimamisha kabisa! Akasema kwa kipaza sauti, "Mama, hapa si kanisani. Watu wamelipa, adui lazima afe. Ukitaka msamaha nenda kwa padri." Na mimi nimevaa hijabu.

Nilitaka kutoka. Namshukuru Mungu sikutoka, kwa sababu muda mfupi baadaye Zuko ametawazwa, anakwenda gerezani, na nani amekaa sakafuni, nywele zimemwagika, mzima wa afya? Kibanda kimya. VJ akakohoa. "Huyu... huyu ni mdogo wake." Dereva mmoja akauliza mbona sura ni ileile. "Pacha." Nilicheka mpaka nikasahau nina hasira, kisha nikakumbuka.

Ningeishia hapo na kuwaambia msiende. Ila kulikuwa na mzee pembeni yangu, hakucheka muda wote ule, akasema polepole, "Kijana ana akili. Adui ukimwacha hai anakwenda kufia hospitali Jeddah." Hakutaja jina, nani Uganda anahitaji kutajiwa? Idi Amin, dikteta wetu, alikimbia 1979, akafariki 2003 huko Saudia, hajasimama mbele ya hakimu hata siku moja. Nilitaka kumjibu kwamba tuna sheria ya msamaha tangu 2000 na maelfu ya waasi walirudi kutoka porini. Lakini wengi wa hao walitekwa wakiwa watoto. Hao ni Zuko. Ozai si Zuko, na mimi sikuwa na jibu la Ozai.

Na nikifikiria vizuri, wenye katuni nao hawakuwa nalo. Kuna kobe-simba, mnyama mkubwa kama kisiwa, anatokea mwishoni kabisa, anamgusa Aang kipaji na kifua, na suluhisho la kumnyang'anya mtu nguvu limepatikana. Kabla ya hapo tulimwona kwenye picha tu, kule maktaba ya jangwani. Kisha jiwe linamgonga Aang mgongoni, palepale penye kovu la radi ya Azula, na nguvu za Avatar alizozipoteza tangu hapo zinarudi zote. Bahati gani hiyo? VJ alilikwepa swali kwa kuua, wao walilikwepa kwa kobe. Sasa nimkasirikie nani?

Hata hivyo mwisho ule ni mzuri. Nimeurudia nyumbani kwenye simu, bila VJ, nikalia kwa Iroh kama nilivyotaka kulia kibandani. Kinachoniuma ni Zuko kumuuliza baba yake mama yuko wapi, halafu picha inakatika. Jibu wamekwenda kulitoa kwenye kitabu cha katuni cha mwaka 2013. Hiyo nayo ni tabia ya VJ.

Mlangoni nilidai pesa yangu. Alinirudishia mia tano, ya mtoto. Ati mtoto alikuwa ameshajua mwisho.