TAHADHARI: "Kazi" ya mtandaoni ya kukamilisha oda. Nimepigwa, naomba usipigwe na wewe

Ndugu zangu, naandika hasira zikiwa bado hazijaisha, mnisamehe nikiruka huku na huku.

Nilikuwa natafuta kazi ya kufanyia nyumbani kwa miezi saba. Wenzangu mnaijua hiyo shughuli. Tangazo limeandikwa "popote duniani", unajaza kurasa nne, ya tano inakuambia wanataka mtu wa nchi moja tu. Wengine hawajibu hata "hapana". Ukikaa hivyo miezi saba, ujumbe unaoanza na "tumeona wasifu wako" huujadili, unaufungua. Matapeli wanajua.

Aliyenifuata WhatsApp alijitambulisha kuwa afisa ajira wa kampuni ya masoko. Kampuni ipo kweli, nilihakikisha. Sikuhakikisha kama yeye anafanya kazi hapo. Usaili wa sauti hakuna, wa video hakuna, mkataba hakuna. Kazi yenyewe ni "kukamilisha oda": unabofya kitufe mara arobaini kwa siku, eti bidhaa zipande kwenye maduka ya mtandaoni. Siku ya kwanza nililipwa. Hela ndogo, lakini niliitoa nikaitumia. Hapo ndipo aliponimaliza, maana kila moyo uliposita nilijijibu mwenyewe, "mbona walinilipa?"

Siku ya tatu ikaja "oda ya bahati". Salio langu kwenye tovuti yao likageuka jekundu, likawekwa alama ya kutoa mbele. Maelezo yao: oda hiyo ina thamani kubwa kuliko salio langu, nijazie pengo kwa USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola), nikimaliza narudishiwa yote pamoja na kamisheni mara tano. Nikajaza. Oda tatu mbele, jekundu tena, na pengo limezidi mara mbili ya lile la kwanza. Jamani, zile ni tarakimu tu anazoandika mwenye tovuti. Hakuna hela yoyote nyuma yake. Zangu ndizo zilizokuwa za kweli, na USDT ukishaituma hakuna benki ya kuipigia simu irudishe.

Nilipoanza kuuliza maswali wakaniingiza kwenye kundi la Telegram lenye "wafanyakazi" mia na kitu. Wote wanashukuru, wote wanarusha picha za skrini za malipo. Usiku mmoja nikaweka mbili pembeni kwa pembeni, za watu wawili tofauti. Saa 14:07 zote. Betri asilimia 63 zote. Nadhani kundi zima mjinga nilikuwa mimi peke yangu.

Baadaye ndiyo nikasoma kwamba FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, haikuwa na malalamiko ya utapeli wa aina hii mwaka 2020. Mwaka 2023 yalifika kama 5,000, na nusu ya kwanza tu ya 2024 yakawa takriban 20,000. Hao ni wale waliolalamika. Mimi nilikaa wiki tatu bila kumwambia mtu nyumbani.

Sura nyingine ninazozijua: ada ya mafunzo au ya kompyuta kabla hujaanza (mwajiri gani anakutoza ili akulipe?), na "jaribio" la faili unaloambiwa upakue na kuliendesha kwenye kompyuta yako. Mbaya kuliko zote ni ile ya kupokea hela kwenye akaunti yako kisha uzitume mbele. Hiyo usiiguse kabisa. Hela zimeibwa kwa mtu mwingine, na jina litakalokutwa kwenye njia yake ni lako.

Picha ya kitambulisho pia usitume mapema. Mimi nilituma, nimeikamata upande wa mbele huku uso unaonekana, kama walivyotaka. Bado nahofia watakachofanya nayo.

Ukiwa na mashaka, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, usipitie kiungo walichokutumia, uiulize kama hiyo nafasi ipo. Nilifanya hivyo nikiwa nimechelewa. Walijibu siku hiyohiyo: hawaajiri kwa WhatsApp.

Na jana, baada ya kulalamika hadharani mara ya kwanza, kuna mtu amekuja inboksi. "Mtaalamu" wa kurejesha hela zilizoibwa, mpole sana, anataka ada kidogo ya kuanzia. Kwa USDT. Nimemzuia.