Maporomoko au mizunguko mifupi: mfumo wa kompyuta wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ujengwe vipi?

Kwa mtindo wa maporomoko unachambua mahitaji yote, unasanifu, unaandika programu, unajaribu, ndipo unakabidhi. Winston Royce, mhandisi wa programu wa Marekani, alipouchora mwaka 1970 alionya papo hapo kwamba una hatari: majaribio yanakuja mwishoni, na kosa la usanifu linaweza kukurudisha mwanzo. Hata hivyo, kwa hesabu za riba na gawio, ambazo kanuni zake zimeshaandikwa, mimi ningeufuata.

Skrini ya karani ni habari nyingine. Ukimhoji atakuambia marejesho anayaandika kwenye leja; kaa naye kaunta, utamwona anaanzia kwenye daftari dogo, leja anaijaza jioni. Hapo fuata mizunguko mifupi: jenga kipande, akitumie wiki mbili, urekebishe. Ila mkataba wa bei moja isiyobadilika utakutesa: kila mzunguko, mteja ana jipya.