Monita ya 8K: ununue sasa au usubiri?

Kama unanunua monita moja ya kazi, iwe ya maandishi, picha au video, chukua 4K ya inchi 27. Kwangu hiyo ndiyo namba moja, na nimeitanguliza kwa sababu najua wengine mnasoma mkiwa tayari dukani.

Sasa 8K. Full HD ina pikseli (nukta za picha) milioni 2 na ushee, 4K milioni 8.3, 8K milioni 33. Zote hizo kompyuta huzichora upya mara 60 kila sekunde, na zote lazima zipite kwenye waya. Dell walipotoa UP3218K mwaka 2017, 8K ya inchi 32, bei ilikuwa dola 4,999, na kuifikisha mara hizo 60 kulihitaji nyaya mbili za DisplayPort kwa pamoja. Fikiria kutoa pesa zote hizo, halafu kompyuta yako ishindwe kuiendesha.

Hata 4K ilianza hivyo hivyo. HDMI 1.4, toleo la zamani la waya wa picha, iliweza kuipitisha mara 30 tu kwa sekunde, kwa hiyo mshale wa mausi ulikuwa unaruka-ruka ukiusogeza. HDMI 2.0 ilitangazwa Septemba 2013 na kuondoa kikwazo hicho, lakini aliyekwisha kununua monita yenye tundu la zamani hakupata nafuu yoyote. Waliosubiri walipata bidhaa bora kwa bei ndogo zaidi.

Kuna suala la macho pia. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, jicho lenye afya hukadiriwa kutofautisha nukta kama 145 kwa inchi. 4K ya inchi 27 ina 163. 8K ya inchi 32 inakaribia 280. Ukisogeza uso karibu tofauti utaiona, sikatai, lakini nani anafanya kazi siku nzima pua ikiwa kwenye kioo?

Namba mbili ni 1440p (pikseli 2560 kwa 1440) ya inchi 27. Mcheza gemu, au mwenye laptopu isiyo na nguvu sana, aanzie hapa bila kuona haya.

Namba tatu ni 5K ya inchi 27, na hapa nina neno na watumiaji wa Mac. Pikseli 5120 kwa 2880 ni mara mbili kamili ya 1440p kila upande, kwa hiyo macOS hupanga herufi bila kukisia, nazo hutoka kali kama zimechapwa. Studio Display ya Apple ilitoka mwaka 2022 kwa dola 1,599. Ni ghali, lakini anayepanga vitabu au magazeti kutwa nzima namwambia ajichange.

Full HD ya inchi 24 inatosha kwa bajeti ndogo. Ya inchi 27 iache, herufi zake zina kingo za msumeno.

8K ni ya mwisho.

Ukienda dukani, muuzaji atakuwekea video ya samaki na maua. Mwombe aizime. Chomeka laptopu yako, fungua waraka wenye herufi ndogo, kisha ingia kwenye mipangilio uhakikishe imeandika 60 Hz, yaani mara 60 kwa sekunde, na si 30. Ikiandika 30, badilisheni waya kwanza. Ikibaki 30, angalia matundu ya laptopu yako kabla hujatoa pesa.