Siku tatu na ramani za kale: uzoefu wangu wa warsha ya walimu wa jiografia

Nimefundisha jiografia kwa miaka kumi na minne, na muda wote huo ramani niliitumia kwa namna moja tu: naibandika ubaoni, naieleza, wanafunzi wanainakili. Mwaka jana nikapata nafasi katika warsha ya siku tatu iliyogharamiwa kwa ruzuku, mada yake ikiwa matumizi ya vyanzo vya awali katika kufundisha jiografia. Nimesubiri kuiandikia hadi nimalize mihula miwili nikiyatumia darasani niliyoyapata huko, kwa sababu warsha karibu zote hupendeza siku ya kupokea cheti.

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na wenzangu. Ruzuku ililipia nauli, malazi, chakula na nakala zote tulizotumia. Posho ya kuhudhuria haikuwepo. Kulikuwa na malipo kidogo, nayo yalitolewa baada ya mshiriki kuwasilisha andalio la somo alilokwisha kulifundisha, pamoja na kazi za wanafunzi wake. Wapo walionung'unika. Mimi nauunga mkono utaratibu huo kabisa, kwa kuwa bila sharti hilo nakala zangu zingekuwa bado kabatini.

Chanzo cha awali ni kile kilichotoka mkononi mwa mtu aliyeona, aliyepima au aliyeambiwa wakati jambo lenyewe linatokea: ramani ya enzi ile, barua ya msafiri, daftari la vipimo vya mvua, picha, orodha ya sensa kabla haijafupishwa ikawa sentensi mbili za kitabu cha kiada. Walimu wa historia wanaishi na vitu hivi. Sisi wa jiografia tumezoea kupokea vilivyokwisha kupikwa.

Njia waliyotufundisha ni ya safu tatu: angalia, tafakari, uliza. Imeenezwa sana na Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ina mpango wa kufundisha kwa vyanzo vya awali na hutoa ruzuku kwa taasisi zinazoendesha mafunzo ya aina hii. Ukiisikia unaiona nyepesi. Ugumu wake uko kwa mwalimu, kwa sababu katika safu ya kwanza anatakiwa anyamaze.

Siku ya kwanza tuligawiwa ramani ya mitaa bila kichwa, bila mwaka, bila ufunguo, tukapewa dakika ishirini. Kundi letu lilikaa kimya mwanzoni. Kisha mwalimu mmoja akaweka kidole juu ya vistari vyeusi vilivyopangwa kando ya barabara, kimoja juu ya kingine kama matofali, akaanza kuvihesabu nyumba kwa nyumba. Mahali pengine kimoja, pengine vinne, na katika barabara moja vimerundikana hadi vinaziba nafasi. Mwingine akaona kiwanda cha bia palepale katikati, nacho hakina hata kistari. Hapo meza yote ikaamka.

Ilikuwa ramani ya daktari John Snow ya kipindupindu cha mwaka 1854 katika eneo la Soho, London, na kila kistari ni maiti mmoja. Wafanyakazi wa kiwanda kile walikuwa wakinywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake, kwa hiyo hawakuitegemea pampu ya maji ya barabara ya Broad Street, ambayo ndiyo iliyoeneza ugonjwa. Nilikuwa nikikifundisha kisa hiki kila mwaka, na nilikuwa nakifundisha vibaya. Niliwaambia wanafunzi kwamba Snow alichora ramani, akaiona pampu, akaokoa mji. Tulipopewa maandishi yake mwenyewe tuyasome, tukakuta kwamba wazo la kipindupindu kuenezwa na maji machafu alishalichapisha mwaka 1849, kwamba ramani aliichora baadaye ili kuthibitisha hoja yake, na kwamba mpini wa pampu ulipoondolewa tarehe 8 Septemba vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua. Kwangu mimi, saa ile moja ilitosha kulipa safari.

Siku ya pili ndiyo iliyonibadilisha zaidi. Tuliletewa ramani ya mmisionari Jakob Erhardt, iliyochapishwa mwaka 1856 katika jarida la jiografia la Petermann huko Ujerumani. Katikati ya Afrika Mashariki kuna ziwa moja kubwa ajabu, limejinyoosha kutoka karibu na ikweta kwenda kusini, limenona kama konokono asiye na gamba. Limeandikwa Bahari ya Uniamesi. Walimu wengi tuliichukulia kama mfano wa kosa, tukawa tayari kuiweka kando.

Mwezeshaji akatuuliza: Erhardt alizipata wapi habari hizi? Hakulifikia ziwa lolote. Alikaa pwani, akawasikiliza wafanyabiashara wa misafara waliokuwa wakienda bara kwa njia tofauti, na kila mmoja akamwambia kwamba mwisho wa njia yake kuna maji makubwa. Wote walisema kweli. Kuna Victoria, kuna Tanganyika, kuna Nyasa. Aliyeyaunganisha maji matatu yakawa moja ni mchoraji. Na ramani hiyohiyo yenye kosa ni miongoni mwa mambo yaliyoifanya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kuwatuma wavumbuzi Waingereza Burton na Speke, ambao walifika Tanganyika mwaka 1858. Na mwaka huohuo Speke akaliona Victoria.

Nimekuwa nikifikiria jambo hili tangu siku ile. Ramani niliyoiona mbovu ilikuwa imehifadhi ujuzi wa watu ambao vitabu vyetu vinawaruka, na kosa lake linaonyesha ni mahali gani hasa ujuzi huo ulipoharibika wakati wa kupokezana. Nilipoipeleka darasani, msichana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, aliitazama kwa muda mrefu kisha akauliza: “Majina ya waliomweleza yako wapi?” Kwenye nakala yetu hayakuwepo. Lilikuwa jina la mchoraji tu. Kipindi kizima kikaishia kwenye swali hilo, na sikujuta kuacha sehemu ya kipimo cha ramani hadi wiki iliyofuata.

Siku ya tatu ilikwenda mbio mno. Tulipewa picha za setilaiti za Landsat, ambayo ya kwanza ilirushwa mwezi Julai 1972, tulinganishe Bahari ya Aral, ziwa la Asia ya Kati lililokauka sehemu kubwa, ya zamani na ya sasa. Ni nyenzo nzuri, na tangu 2008 hazina hiyo inapatikana bure. Lakini zile picha za zamani zimepakwa rangi zisizo za asili, na mimea inaonekana nyekundu. Makundi mawili yalijenga hoja nzima kwamba wekundu ule ni ardhi iliyoungua, na muda ukaisha kabla hayajarekebishwa vizuri. Hapa nina shaka na sheria ya kuficha maelezo. Kwa ramani ya Snow ilifaa, kwa kuwa jicho linaweza kufika lenyewe. Kwa picha ya setilaiti mwanafunzi hawezi kukisia jinsi chombo kinavyorekodi mwanga, basi aambiwe mapema. Darasani mimi huwaambia.

Kilichoniudhi ni kilichofuata baada ya warsha. Tuliahidiwa kikao cha ufuatiliaji baada ya miezi mitatu. Hakikufanyika, kwa sababu kipindi cha ruzuku kilikuwa kimekwisha na mratibu alishahamishiwa mradi mwingine. Tovuti yenye nyenzo zetu nayo ikazimwa, pamoja na maandalio ya masomo ambayo walimu walikesha kuyaandika. Wafadhili waliangalie hili kwa uzito. Fomu ya tathmini tuliyojaza saa ya mwisho ilituuliza, kwa alama moja hadi tano, kama tumeridhika na ukumbi na wawezeshaji. Hakuna swali lililogusa mwanafunzi, na hakuna aliyerudi kutuuliza baadaye. Fungu dogo la kumlipa mtu mmoja apige simu na kuilinda tovuti kwa mwaka mmoja lingekuwa na faida kuliko mikoba yenye nembo tuliyopewa.

Kwa mwalimu atakayekwenda: pakua kila kitu siku hiyohiyo, uhifadhi mahali pawili. Chukua faili kubwa, hata kama ni nzito, maana nakala ndogo ukiichapisha maandishi yake hayasomeki, na ramani isiyosomeka inaua somo. Mimi ramani ya Erhardt naichapisha vipande vinne, kila kundi linapata robo yake. Wanachunguza dakika kumi, halafu wanakuja mbele kuunganisha kwa gundi ya karatasi. Ziwa linapotokea zima ndipo mabishano yanapoanza.

Maombi ya awamu ya pili yametangazwa na nimeshajaza fomu. Wanaruhusu walimu wawili kutoka shule moja, kwa hiyo nimemwandikisha na mwenzangu wa historia. Yeye ana barua za wasafiri wa misafara anazotaka kuziweka kando ya ramani yangu.