Mpakato za kugeuza zenye skrini kubwa: ipi ununue, ipi uiache

Siku niliyonunua mpakato yangu ya kwanza ya kugeuza, ya inchi 15.6, usiku wake nililala chali, nikaikunja kibodi hadi ikagusana mgongo na skrini, nikaiweka kifuani nisome. Kurasa tatu tu. Mkono wa kushoto ulianza kutetemeka, na vidole vilivyoishika kwa nyuma vilikuwa vinabonyeza vitufe. Kibodi hujizima ukishaigeuza, kwa hiyo hakuna herufi iliyoandikwa, lakini kule kubonyea kwa vitufe chini ya vidole kunakera kama kokoto ndani ya kiatu. Nilipojaribu kubadilisha mkono ikaniponyoka, kona yake ikanitua mdomoni. Kilo mbili za bati na kioo.

Sikuirudisha. Nimeitumia miaka kadhaa na nimeipenda, ila kwa kazi tofauti kabisa na ile niliyoinunulia. Mpakato kubwa ya kugeuza si kishikwambi. Kishikwambi kikubwa cha inchi 13 kina uzito wa gramu 600 hivi. Hii ni mara tatu yake. Ichukulie kuwa kompyuta ya mezani inayojua kukaa kwa mikao mingi, na hapo ndipo utaanza kuona faida yake.

Mikao yenyewe inatokana na bawaba ya nyuzi 360, ambayo Lenovo waliipa umaarufu mwaka 2012 kwa mashine zao za Yoga, wakati Windows 8 inaingia sokoni. Unaweza kuifungua kama mpakato yoyote. Unaweza kulaza kibodi kifudifudi na kusimamisha skrini mbele yako: mkao huu ni mzuri pale nafasi ilipo finyu, maana skrini inakusogelea. Unaweza kuisimamisha kama hema, kingo mbili zikiwa zimekita mezani. Na unaweza kuikunja ikawa bapa. Mimi natumia hema kuliko yote, hasa jikoni, kwa sababu kibodi haigusi meza yenye maji na unga. Ila usipige simu ya video ukiwa kwenye hema. Kamera inakuwa chini, karibu na meza, na mwenzako anabaki kuhesabu matundu ya pua yako.

Sasa, kwa nini mtu ahangaike na skrini kubwa wakati za inchi 13 na 14 zipo na ni nyepesi? Chukua karatasi ya A4. Upana wake ni sentimeta 21, urefu 29.7. Skrini ya inchi 16 yenye uwiano (wa upana kwa urefu) wa 16:10, ukiisimamisha wima, ina upana wa sentimeta 21.5 na urefu wa 34.5. Yaani ukurasa mzima unaingia kwa ukubwa wake halisi, na chini yake inabaki nafasi ya zana za kuandikia. Ya inchi 14 ina upana wa sentimeta 19 kasoro kidogo, kwa hiyo ukurasa unapunguzwa. Hata zile za inchi 15.6 za uwiano wa zamani wa 16:9 hazifikishi: sentimeta 19.4. Ndiyo maana nasema angalia uwiano kabla ya kuangalia inchi. Anayesahihisha mitihani, anayesoma mikataba, anayeandika noti za muziki, anayechora ramani za nyumba, hao wote wanailaza mezani, wanashika kalamu na kuandika juu ya ukurasa kama wangeandika juu ya karatasi. Hilo kishikwambi kidogo hakikupi.

Kasoro zake nazo zinatoka kwenye ukubwa huohuo. Ukigusa skrini ikiwa imesimama kama mpakato ya kawaida, inayumba, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo inavyoyumba zaidi. Kioo karibu kila mara ni cha kung'aa: ukikaa na dirisha mgongoni utajiona mwenyewe kuliko kazi yako, na alama za vidole ni za kila siku. Nyingi zina vitufe vya namba upande wa kulia, jambo zuri kwa mhasibu, lakini zinaisukuma sehemu ya kuandikia kushoto na unajikuta umekaa upande. Ukiipindua juu chini, kama kwenye hema, matundu ya kuchomekea waya nayo yanahama: waya wa chaja uliokuwa kulia sasa uko kushoto, mara nyingi pale pale ulipotaka kushika. Na kitufe cha kuwasha kikiwa ubavuni, utaizima bila kukusudia. Nimezima yangu katikati ya mkutano, mara mbili.

Gharama ya kutengeneza ndiyo watu wanaisahau. Skrini hizi zimegandishwa pamoja, kioo cha kugusa na onyesho lake, hivyo ufa mmoja kwenye kona kwa kawaida unamaanisha kubadilisha kipande chote. RAM nayo, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, katika nyingi imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, huwezi kuongeza baadaye. Gigabaiti 16 ndiyo iwe sakafu yako. Usikubali 8 kwa sababu ya punguzo.

Kwa mtu wa kawaida anayetaka kazi, kusoma na kuandika kwa kalamu, mimi ningezipanga hivi.

Ya kwanza: inchi 15 au 16, nyepesi. Hapa wapo Samsung na Galaxy Book Pro 360 zao, na LG na mashine zao za kugeuza ziitwazo gram. Galaxy Book Pro 360 ya inchi 15.6 ilikuwa na kilo 1.39, Galaxy Book3 Pro 360 ya inchi 16 ilipanda hadi kilo 1.66. LG gram za kugeuza za inchi 16 zinazunguka kilo 1.4 hadi 1.5. Tofauti ya nusu kilo na zile nzito inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini uishike mkononi ndipo utajua. Samsung wanaweka kalamu ndani ya boksi, tena isiyohitaji betri wala chaja. Ubaya ni bei, na wembamba wake: bonyeza katikati ya kibodi utaona inabonyea kidogo. Anayebeba mashine kila siku asitafute nyingine.

Ya pili haigeuzwi kabisa. Nunua mpakato ya kawaida yenye skrini kubwa, kisha ongeza kishikwambi cha inchi 10 au 11. Najua mwongozo huu ni wa mashine za kugeuza, lakini kama moyoni unachotaka ni kusoma ukiwa umelala au kutazama filamu ukiwa kitandani, ukweli ndio huo. Kishikwambi cha nusu kilo kitakufaa kuliko bawaba yoyote, na kikianguka kikavunjika, kazi yako iko salama kwenye mashine nyingine. Watumiaji wa Mac wako hapa watake wasitake, kwa kuwa Apple hawajawahi kutengeneza MacBook ya kugeuza.

Ya tatu: zile za kilo mbili. HP Envy x360, Lenovo Yoga 7, Dell Inspiron za kugeuza, katika umbo lao la inchi 15 na 16 (majina ya Envy na Inspiron yameanza kuachwa kwa mashine mpya). Ndizo nyingi sokoni na kwa kawaida ni nafuu kuliko za kundi la kwanza. Ni imara, zina matundu ya kutosha, kibodi nzuri. Yangu ilikuwa ya kundi hili. Kama mashine itashinda mezani nyumbani na kuhama vyumba tu, pandisha kundi hili hadi namba moja, ubakize hela mfukoni. Kalamu hakikisha: nyingine zinauzwa bila kalamu, na kalamu za aina mbalimbali haziingiliani. Iliyoandika vizuri kwenye mashine ya rafiki yako inaweza kuwa kijiti tu kwenye yako.

Ya nne: skrini inayovutwa mbele. Microsoft Surface Laptop Studio haina bawaba ya nyuzi 360. Skrini inakunjika katikati ya mgongo na kusogea mbele hadi ilalie kibodi. Vitufe vinafunikwa, skrini haiyumbi, mkono unapumzika kwenye mteremko kama wa meza ya mchoraji. Kwa mchoraji hii ndiyo ya kwanza, sina ubishi. Nimeiweka hapa kwa sababu ina inchi 14.4 tu na bei yake si ya mtu wa kuandika noti.

Za michezo, kama ASUS ROG Flow X16, zipo pia. Zina nguvu, zina joto, feni zake zinavuma. Kama hujui kwa nini unaihitaji, huihitaji.

Ya mwisho: zinazobanduka. Surface Book za inchi 15 zilikuwa ndoto yangu: unaing'oa skrini, inabaki na gramu 800 na kitu. Lakini betri kubwa iko kwenye kibodi, kwa hiyo skrini peke yake haikai muda mrefu. Ya mwisho katika ukoo huo, Surface Book 3, ilitoka mwaka 2020. Leo utaipata iliyotumika, na betri zake mbili zote zimezeeka.

Ukienda kununua, usiridhike na kuiona ikiwa imesimama kwenye meza ya duka. Ifungue, igeuze, ifunge, mara kumi, ukisikiliza bawaba: mlio wa kukwaruza au upande mmoja kutangulia mwingine ni dalili mbaya. Igeuze iwe bapa, weka kiganja juu ya skrini, kisha andika kwa kalamu. Kama kiganja chako kinachora mistari, achana nayo. Piga mstari wa mshazari taratibu uone kama unatoka umenyooka au una mawimbi. Mwisho ishike kwa mkono mmoja, kama unavyoshika kitabu, uhesabu hadi sitini. Muuzaji atakuangalia. Mwache aangalie.